Hema la Wawili Huwatosha Wangapi?

Mfuko wa hema umeandikwa "watu 2" na mnunuzi ameridhika. Safari ya kwanza inampa jibu jingine: magodoro yamebanana, shanta moja imebidi ilale nje, na kila mmoja akigeuka usiku anampiga mwenzake kiwiko. Hema halina kasoro. Namba ile hupatikana kwa kupanga magodoro membamba ya kambi, yenye upana wa sentimita 51 hivi, bega kwa bega mpaka sakafu ijae. Mabegi, viatu vyenye tope, sufuria na yule anayelala kiubavu amekunja magoti havimo katika hesabu hiyo.

Anayetaka kujua ukweli huiacha namba akasoma vipimo vya sakafu. Mfano mzuri ni Hubba Hubba ya watu wawili, hema jepesi la kampuni ya MSR ya Marekani ambalo watembeaji wengi wanalifahamu. Kwa miaka mingi sakafu yake imekuwa na upana wa sentimita 127 na urefu wa sentimita 213 hivi. Magodoro mawili ya kawaida huchukua sentimita 102, zinabaki 25 za kugawana. Lakini wapo wenye mabega mapana wanaotumia godoro la sentimita 64. Mawili ya aina hiyo yanafika sentimita 128, na hema limeshashindwa. Copper Spur ya Big Agnes, mshindani wake wa karibu, ni ndefu zaidi, sentimita 224, ila sakafu inapungua kuelekea chini: sentimita 132 upande wa vichwa, 107 upande wa miguu. Kwa eneo mahema haya yanalingana, karibu mita za mraba 2.7 kila moja. Kwa mlalaji hayalingani hata kidogo. Mtu mrefu atanyooka vizuri katika la pili, ilhali wawili wenye magodoro mapana hawatapata raha katika lolote kati ya hayo.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kudai nafasi zaidi, nayo ni urefu wa usiku. Mahema mengi mepesi yamebuniwa Marekani na Ulaya, ambako watu hutembea zaidi wakati wa kiangazi. Mwezi wa Julai huko Scotland jua huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mtembeaji wa huko huingia hemani kulala tu, na akiamka nje kumeshakucha. Karibu na ikweta giza hudumu takriban saa kumi na mbili, mwezi wowote wa mwaka. Hakuna anayelala saa zote hizo. Zinazobaki ni za kula, kupiga soga, kupanga mizigo, kukausha soksi na kusubiri kupambazuke, na zote hupitia ndani ya hema.

Milimani muda huo huwa mrefu zaidi. Kwenye Mlima Kenya, kawaida asubuhi anga huwa safi. Kuanzia adhuhuri mawingu hupanda kutoka mabondeni, na mara nyingi huja na manyunyu, mvua au mvua ya mawe. Kwa hiyo wanaopita njia ya Sirimon hujitahidi kuondoka mapema ili wafike kambi ya Shipton's, kwenye mita 4,200, kabla mambo hayajaharibika. Wakifika saa nane mchana mvua ikaanza saa tisa, wana saa tatu za mchana na usiku mzima mbele yao ndani ya chumba ambacho paa lake haliwaruhusu kusimama. Hapo ndipo hema la kubanana linapochosha kuliko mlima wenyewe.

Kimo cha paa, basi, kina uzito sawa na upana wa sakafu. Mtu mzima akikaa kitako huhitaji karibu sentimita 90 kutoka makalio mpaka utosi, na godoro la hewa humwinua sentimita nyingine tano au zaidi. Mahema mengi ya watu wawili yana kimo cha mita moja au kuzidi kidogo, lakini kimo hicho hupimwa kwenye kilele tu. Kuta zikiinama kwa kasi kutoka kileleni, ni mmoja tu anayeweza kukaa wima. Mwenzake ataegemea kitambaa chenye unyevu. Ndiyo maana wabunifu wa siku hizi huongeza ufito mfupi unaokatiza juu ya paa, au hukunja fito tangu kiwandani ili kuta zisimame wima zaidi. Dukani, jaribio zuri kuliko kipimo chochote ni watu wawili kuingia pamoja, kukaa wakitazamana, na kila mmoja kuvaa na kuvua koti.

Swali la uzito hujibiwa vibaya mara nyingi kwa sababu watu hutazama uzito wa hema zima, wakati wanaolibeba ni wawili. Copper Spur ya watu wawili, pamoja na vigingi, kamba na mfuko, ina karibu kilo 1.4. Ya watu watatu ya aina hiyohiyo ina karibu kilo 1.8, na sakafu yake hufikia mita za mraba 3.8. Mmoja akibeba kitambaa, mwingine akabeba fito na vigingi, nyongeza ya kila mtu ni gramu 200 hivi. Kwa gramu hizo wamepata zaidi ya mita moja ya mraba: mahali pa mashanta yote mawili, mahali pa kupikia chai ya mazungumzo tu, maana jiko haliwashwi ndani ya hema, na nafasi ya mtoto ikiwa yupo. Kwa safari ya usiku mmoja au mitatu, wawili wanaosafiri pamoja wanunue hema la watatu. Anayetembea wiki mbili akibeba chakula chake chote ana haki ya kuhesabu tofauti.

Kuna mtego mdogo katika tangazo la uzito. Kampuni nyingi hutaja uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa hema la ndani, turubai la juu na fito peke yake. Wa pili ni wa kila kitu kilichomo mfukoni. Tofauti yake inaweza kuwa gramu 200 au zaidi, na tangazo hupenda ule mdogo. Anayelinganisha mahema ahakikishe analinganisha uzito wa aina moja.

Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mlimani huitwa wagumu, wanalijua jambo hili kwa migongo yao. Isipokuwa njia ya Marangu, yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, njia za kupandia mlima huo hulaza watu mahemani, na mahema hayo hubebwa na wagumu kutoka kambi hadi kambi. Kampuni nyingi za Moshi na Arusha huwapa wageni wawili hema la watatu au wanne, tena la kitambaa kinene na fito nyingi, kwa sababu kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, upepo wa usiku hauna huruma. Hema la aina hiyo hufika kilo nne au zaidi. Kiwango cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi wenye makao Moshi, umefanya kazi kubwa kuhimiza kiwango hicho kiheshimiwe. Mgeni anayeuliza hema lake lina nafasi gani aulize pia lina kilo ngapi na limo katika mzigo wa nani.

Wepesi wenyewe hutoka sehemu mbili kuu, kitambaa na fito. Unene wa uzi wa kitambaa hupimwa kwa denia: uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Turubai la hema la kawaida la dukani huwa na denia 60 na kuendelea. Mahema mepesi hushuka hadi 20, hata 15. Kitambaa cha namna hiyo mtu akikishika huingiwa na wasiwasi, lakini kikiwa nailoni nzuri iliyopakwa silikoni hustahimili kuvutwa kuliko unavyoonyesha wembamba wake. Kisichostahimili ni miiba ya migunga, kokoto kali na cheche za moto.

Lipo pia jua. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, miale ya urujuanimno, ileile inayobabua ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, na karibu na ikweta jua lina nguvu mwaka mzima. Miale hiyo huila nailoni taratibu mpaka ikachanika kwa mkono. Poliesta huivumilia vizuri zaidi. Ina faida nyingine: nailoni hunywa maji kidogo na kurefuka, kwa hiyo hema lililokazwa vizuri jioni hulegea usiku mvua ikinyesha, turubai likagusa hema la ndani na maji yakaanza kupenya. Poliesta hailegei kwa kiasi hicho. Kwa mtu atakayepiga kambi katika jua la Natron mwezi mmoja na katika mvua za Uluguru mwezi mwingine, poliesta yenye gramu chache zaidi ni chaguo la busara kuliko nailoni nyembamba kupita zote. Kipo kitambaa cha tatu, Dyneema, ambacho hakinywi maji wala hakilegei. Hema la Duplex la Zpacks, la watu wawili, limeshonwa kwa kitambaa hicho na lina uzito wa karibu nusu kilo. Bei yake huwatoa wengi kwenye foleni.

Fito za mahema ya bei nafuu ni za fibaglasi. Ni nzito, na zikipasuka huchanika nyuzinyuzi zinazoingia vidoleni. Za alumini ni nyepesi na hupinda kabla ya kuvunjika, hivyo hutoa onyo. Zilizo bora huwa za aloi ngumu, na sehemu kubwa ya kampuni mashuhuri hununua kutoka kiwanda kimoja cha Korea Kusini, DAC. Ndani ya mfuko wa hema zuri huwamo kipande kifupi cha bomba la alumini ambacho watu hukitupa wakidhani kimesahaulika kiwandani. Hicho ni banzi la dharura: huvishwa juu ya ufito uliovunjika, kikafungwa kwa utepe wa gundi, na safari ikaendelea.

Ufito uliopindwa kubeba paa pana kwa uzito mdogo si ugunduzi wa viwanda. Kaskazini mwa Kenya, wanawake wa Kigabra na Kirendille wamekuwa wakijenga nyumba za kuhamahama kwa elimu hiyo tangu zamani sana. Fito hupindwa na kufungwa kuwa kuba, zikafunikwa kwa mikeka ya nyuzi na ngozi. Siku ya kuhama, nyumba nzima hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na fito zilezile hutumika kuunda matandiko ya kubebea mizigo. Kila kitu kina kazi zaidi ya moja, na hakuna kinachobebwa bure. Mwaka 1975, kampuni ya The North Face ya Marekani ilitoa hema la Oval Intention, lililojengwa kwa kufuata kuba za mhandisi Buckminster Fuller, nalo likaanza kuyasukuma kando mahema ya pembetatu yenye nguzo mbili. Wagabra na Warendille walikuwa wameshajua kwamba kuba humpa mlalaji nafasi ya kukaa na huukwepesha upepo.

Ardhi nayo ina neno lake. Hema linalosimama lenyewe kwa fito zake huweza kunyanyuliwa na kusogezwa likiwa limesimama. Lile linaloegemea fimbo za kutembelea, kama Duplex, hutegemea vigingi kabisa. La pili ni jepesi mno, na kwenye nyasi za Aberdare hukaa vizuri. Barafu, ambako ardhi ni mawe tupu, au kwenye vumbi laini la volkano kando ya Ol Doinyo Lengai, vigingi ama haviingii ama havishiki. Dawa yake ni kufunga kamba kwenye jiwe na kulizuia kwa jiwe kubwa zaidi. Jambo hilo linawezekana, lakini kulifanya kwenye kila kona, mikono ikiwa imekufa ganzi, ni kazi. Kwa anayenunua hema moja la safari zake zote za ukanda huu, lile la kusimama lenyewe ndilo linalofaa.

Kwenye mvua, utaratibu wa kusimamisha hema huamua kama usiku utakuwa mkavu. Mahema mengi mepesi husimamishwa hema la ndani kwanza, ambalo aghalabu ni chandarua kitupu, kisha turubai hutandazwa juu. Mvua ya masika ikiwa inanyesha, dakika mbili zinatosha kuijaza sakafu maji. Hilleberg ya Sweden imejijengea jina kwa mahema ambayo hema la ndani limening'inizwa kwenye turubai, hivyo vyote husimama kwa pamoja na ndani hapalowi. Ni mazito kiasi na bei yake si ndogo. Njia ya kati ni hema ambalo turubai na fito zake huweza kusimama peke yake, kisha chandarua kikafungwa kwa ndani bila haraka. Si kila tangazo hulitaja jambo hili, muuzaji aulizwe.

Kibaraza, ile nafasi iliyofunikwa na turubai nje ya mlango, huongeza chumba bila kuongeza sakafu. Huko ndiko viatu, mashanta na makoti yaliyolowa hukaa. Hema lenye milango miwili na vibaraza viwili humwezesha kila mmoja kutoka usiku bila kumruka mwenzake, na gramu mia moja au mbili zinazoongezeka hazistahili kuonewa uchungu. Chakula hakiachwi kibarazani wala ndani. Katika hifadhi zenye nyani, fisi na tembo kambi nyingi hazina uzio, na chandarua hakimzuii mnyama mwenye njaa.

Maji hayatoki juu tu. Pumzi za watu wawili usiku kucha, katika hewa yenye unyevu ya Rwenzori au Usambara, hugeuka matone upande wa ndani wa turubai. Kwenye hema la tabaka moja matone hayo humdondokea mlalaji. Lenye tabaka mbili huyaacha yateleze nje ya chandarua, mradi hewa ipite. Matundu ya juu yasifungwe kwa kuogopa baridi, kwa sababu joto la mlalaji hutunzwa na mfuko wa kulalia na godoro. Kitambaa cha hema hakina mchango mkubwa. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo Mombasa ikiwa na nyuzi 27, hesabu inaiweka Shipton's kwenye sifuri. Alama za "misimu mitatu" na "misimu minne" zinazoandikwa kwenye mahema zimetungwa kwa nchi zenye majira ya theluji nzito. Kwa Mlima Kenya, Aberdare na nyanda za juu za Ngorongoro, hema imara la misimu mitatu linatosha, likifungwa kamba zote na upande wake mfupi ukielekezwa kwenye upepo.

Si lazima liwe jipya. Moshi na Arusha zina maduka yanayokodisha mahema na mifuko ya kulalia, na kwa mtu anayekwenda mara moja kwa mwaka kukodi ni nafuu kuliko kununua. Hema likionekana kwenye mitumba ya Gikomba au Memorial, lifunguliwe lote kabla ya kutaja bei. Pua itangulie. Mahema mengi ya kawaida hupakwa poliurethini kwa ndani, na dawa hiyo ikikaa kwenye unyevu kwa miaka huoza: hutoa harufu kali ya uchachu na hunata mkononi. Hema lililofika hapo halizuii tena mvua. Kisha mishono ikaguliwe, maana utepe unaobanduka unaweza kugandishwa upya, lakini ukiwa umebanduka kila mahali kazi haiishi. Zipu zivutwe mpaka mwisho, huku na huku. Fito ziunganishwe zote, na mpira uliomo ndani yake uvutwe kuona kama bado una uhai. Mpira uliolegea hubadilishwa kwa bei ndogo, ilhali ufito uliokosekana ni taabu kuupata.

Maradhi hayohayo ya poliurethini ndiyo adui wa mahema ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima. Hema lililorudi kutoka safari lianikwe kivulini hadi likauke kabisa, pamoja na mishono na kona za sakafu, kisha likunjwe kwa kulegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba, likae kabatini juu na si kwenye sakafu ya stoo. Mfuko wake mdogo wa kubana ni wa safari tu. Chini ya sakafu, wakati wa kambi, kipande cha plastiki nene ya ujenzi hufanya kazi ya turubai la chini linalouzwa ghali, kikikatwa kidogo kuliko sakafu yenyewe. Kikitokeza nje, hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya walalaji. Tundu la mwiba huzibwa siku ileile kwa kiraka, na hapo aina ya kitambaa hurudi tena: nailoni iliyopakwa silikoni hushikwa na gundi ya silikoni peke yake, na viraka vya kawaida vya kubandika hubanduka kabla ya asubuhi.